Mke Mwenza wa Mbao

Wivu una sura nyingi na kurasa hizi zimeshaziandika karibu zote. Wivu wa simu inayolia usiku wa manane. Wivu wa mfanyakazi mwenzake anayecheka sana. Wivu wa yule mchumba wa zamani ambaye kila harusi ya ukoo lazima aalikwe. Mwezi huu tunaye mwingine. Huyu hana simu, hajui kujiremba, ananuka (utakuja kuona kwa nini), na huenda umri wake unampita mumeo. Analala uani kwako, kwa idhini yako, na kila Jumamosi mumeo anaamka alfajiri kumwendea. Anaitwa mashua.

Kama umekulia mwambao unamjua. Pemba, kuanzia Wete mpaka Mkoani, haikuchukui muda kukiona chombo kimekaa ubavuni mwa nyumba badala ya pwani. Kimepandishwa juu ya magogo, kimefunikwa makuti, kuku wametaga ndani, na mwenye nyumba anakwambia kitashuka baharini bamvua lijalo. Unarudi mwaka wa pili, chombo kiko palepale na kuku wameongezeka.

Wenzetu wa Marekani na Kanada nao wana ugonjwa huu. Kwao ni boti za alumini za kuvulia ziwani. Mtu anainunua imebonyea na inavuja, anaiweka nyuma ya nyumba, na wikiendi zake zote zinaishia kwenye ribiti moja baada ya nyingine. Lakini kule mara nyingi ni burudani. Kwetu chombo ni kitega uchumi, ni urithi, na mara nyingine ni ugomvi unaofika hadi kwa kadhi. Ndiyo maana nimekileta hapa, kwenye kurasa za ndoa, na sikukiacha kwenye kurasa za mafundi.

HIKI CHOMBO NI CHA NANI?

Mimi mwenyewe ninaye mke mwenza wa aina hii, nyumbani Madungu, Chake Chake. Madungu si kijiji cha wavuvi. Ni mtaa wa mjini, wa skuli na ofisi, na maji yaliyo karibu ni ya ule mkono wa bahari unaopenya kati ya mikoko hadi Chake, ambao maji yakitoka unabaki tope tupu. Mashua yetu ililetwa kwa lori, majirani wakatoka vibarazani kuangalia kama vile tumeleta bibi harusi.

Kwa nini nyumbani na si pwani? Mume wangu ni mtumishi wa serikali. Mchana yuko ofisini. Chombo kikibaki pwani kinatengenezwa bila macho yake, na mbao nzuri ina mazoea ya kutembea usiku. Kikiwa uani, saa kumi na moja jioni anavua shati la kazi na kushika patasi. Hilo nililielewa na wala sikulipinga.

Nililouliza ni jingine. Tulikuwa tumekaa barazani, yeye anakunywa chai huku macho yako uani.

"Bwana, hiki chombo ni chako?"

"Cha baba, si unajua."

"Baba, Mungu amrehemu, amefariki."

Akanyamaza. Akaweka kikombe chini. "Basi ni chetu," akasema, na katika lile neno "chetu" ndimo kulimokuwa na kazi yote ya mwezi uliofuata.

Sikiliza mwenzangu, hapa ndipo pa kutulia. Mzazi akifariki, mashua haiwi ya yule mtoto anayependa bahari. Ni mali ya warithi wote, sawasawa na mikarafuu na nyumba. Marehemu baba mkwe aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Kwa mirathi ya Kiislamu, mjane ambaye marehemu ameacha watoto ana thumuni, yaani moja ya nane. Kinachobaki wanagawana watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Piga hesabu: mavyaa wangu thumuni moja, kila wifi yangu thumuni moja, na kila kaka thumuni mbili. Inakaa vizuri utadhani ilipimwa kwa rula. Maana yake, mume wangu alikuwa na robo ya mashua. Alikuwa anajiandaa kutia mbao mpya na pesa mpya ndani ya chombo ambacho robo tatu yake si yake.

Huenda hakuna hata mmoja katika wale ndugu ambaye angesema neno wakati ile mashua inaoza pwani. Ndivyo ilivyo kwa mali ya urithi: ikiwa mbovu ni ya anayeishughulikia, ikiwa nzima ni ya wote. Siwalaumu. Haki yao haiozi kwa sababu mbao zimeoza. Anayekosea ni anayetengeneza kwanza na kuuliza baadaye, halafu mawifi wakidai fungu lao anawaita wachoyo, na mke aliyetoa pesa zake anaitwa mchonganishi.

Tulikwenda kwa mavyaa Ijumaa moja baada ya sala. Kabla ya hapo tulikuwa tumewaomba watu wawili wanaojua vyombo wakadirie thamani ya mashua vile ilivyo, mbovu, bila kuhesabu hata msumari mmoja wa matengenezo. Ukikadiria baada ya kutengeneza, unawalipa nduguzo kwa jasho lako mwenyewe. Wifi mkubwa alimsamehe kaka yake fungu lake palepale, mbele ya mashahidi. Wa pili na wa tatu walitaka chao, wakakubali kulipwa kwa mafungu mawili msimu wa karafuu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye mvuvi hasa katika nyumba hii, alibaki na robo yake na akakubali kuwa nahodha. Mavyaa alikataa kuuza. Alisema thumuni yake anaitaka kwa samaki. Yakaandikwa, yakatiwa saini na dole gumba kwa asiyeandika, kila mmoja akachukua nakala.

Kama nyumba yenu haina utulivu wa kukaa hivyo, hakuna aibu kwenda kwa watu wa kazi hiyo. Zanzibar iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ambayo hushughulikia mirathi ya Waislamu, na mahakama ya kadhi ipo kwa waliokwisha kugombana. Nenda mapema tu, chombo kikiwa bado kibovu. Watu hawagombanii kibovu kwa nguvu zote.

KISU NDANI YA MKUKU

Haya, chombo kimeshakuwa na wenyewe. Je, ni kizima kiasi cha kutengenezeka?

Fundi tuliyempata (wa pili, na wa kwanza nitakuja kumsema) hakuja na kipimo wala kalamu. Alikuja na kisu kidogo na nyundo. Akazunguka mashua akigonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza. Ubao mzima unalia, uliooza unaitika kwa sauti ya mto wa usufi. Kisha kisu. Alikichoma kwenye mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote, mbele, katikati na nyuma. Kikiingia kidogo na kukataa, mti uko hai. Kikizama kama kwenye ndizi mbivu, rudisha lori.

Baada ya mkuku alikagua mataruma, zile mbavu za ndani. Mbao za ubavuni hazikumshughulisha sana. Mbao hubadilishwa, alisema, hata zote. Taruma moja mbili hubadilishwa. Lakini mkuku ukiwa umekwisha na mataruma yamekwisha, hapo hutengenezi tena, unajenga chombo kipya huku ukijidanganya, na kujenga kipya ni nafuu zaidi ukianza na mti safi. Wetu mkuku ulikuwa mzima. Mataruma manne yalikuwa ya kutupa, mbao za chini upande wa kushoto zimeliwa, na misumari karibu yote imekula kutu mpaka imelegeza mbao iliyoizunguka.

Yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao ana hila moja. Nje anaacha tundu dogo kama la sindano, ndani amechimba mifereji mpaka ubao umekuwa sega la nyuki. Usiridhike kwa macho. Rangi mpya ndiyo poda ya mzee, na wauzaji wa vyombo chakavu wanaijua sana.

Mavyaa alikuja siku ile kuangalia. Akauliza swali ambalo hata chuo kikuu sikuwahi kulisikia likiulizwa vizuri vile: mkibadilisha hizi zote, bado itakuwa ya mzee? Fundi akapiga mkuku kwa kiganja, akamwambia, "Huu ni wake, bibi."

PESA INATOKA KABATI LA NANI?

Tuseme ukweli, kwenye chombo ndiko dhahabu za wanawake wengi wa pwani zilikozama bila hata mawimbi. Mume anakuja na maneno matamu, bangili zinakwenda kwa sonara, mashua inatoka, na miaka miwili baadaye mke akiuliza anaambiwa, kwani wewe huli samaki?

Katika dini yetu mali ya mke ni ya mke. Mahari yake, dhahabu yake, mshahara wake, biashara yake ya mandazi, vyote. Akitoa kumsaidia mumewe ni wema, si wajibu. Kwa hiyo kabla pesa haijatoka, ipeni jina. Ni zawadi? Basi usiidai wala usiikumbushe kila mkigombana. Ni mkopo? Basi una kiasi na una tarehe. Ni hisa? Basi una fungu katika chombo na fungu katika mapato, na kikizama umezama nacho. Majina haya matatu yanafanana sana siku ya kutoa na hayafanani hata kidogo siku ya kudai.

Mimi zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika. Sikuuza dhahabu. Pesa ya upatu niliitia kama hisa: ndiyo iliyolipa fungu la kwanza la mawifi wawili na nusu ya mbao, na kwa hesabu ile nikawa na thumuni kama ya mavyaa. Mume wangu alicheka, akasema ameoa mshirika. Nikamwambia afadhali mshirika kuliko mdai.

Tulinunua daftari la skuli la kurasa arobaini, likawekwa jikoni kwenye kopo la unga ambalo halina unga. Kila msumari ukaandikwa. Usiandike ili kumkamata mtu. Andika kwa sababu chombo kinakula kidogo kidogo: leo kilo ya pamba, kesho kopo la rangi, keshokutwa nauli ya mbao, na hakuna hata moja linaloonekana kubwa. Mwisho wa mwezi wa kwanza tulijumlisha, tukanyamaza kidogo, tukakubaliana kusimamisha kazi mpaka mshahara mwingine. Ada za skuli zina ukurasa wake, na ukurasa ule haukopwi.

Fundi wa kwanza? Alichukua arubuni nzima ya kazi, akaja siku mbili, akasema anakwenda kumzika shangazi. Shangazi yule mpaka leo hajazikwa. Kuanzia hapo tukalipa kwa hatua: mataruma yakikaa, pesa, mbao zikifungwa, pesa, kalafati ikimalizika, pesa. Fundi wa pili hakuona vibaya. Fundi mzuri haoni vibaya kulipwa kwa kilichoonekana.

HARUFU

Mbao za kubadilishia tulizitafuta wiki tatu. Mvule ndio kila mtu anautaka na ndio wenye bei ya kumkimbiza mtu. Mwembe, ambao tangu zamani unachongwa mitumbwi na ngalawa za visiwa hivi, ni rahisi zaidi lakini hauna umri mrefu majini. Mfenesi ni wa kati. Kwa mataruma fundi alitaka mtondoo, tena tawi lililopinda lenyewe. Tawi lililopinda kwa maumbile lina nguvu kuliko mti ulionyooka ukachongwa pindo, kwa sababu nyuzi zake zinafuata pindo lile. Wanaume wa nyumba yetu wakawa wanapita barabarani vichwa juu, wanatazama miti ya watu kwa macho ya kuchumbia.

Misumari tulichukua iliyotiwa zinki. Ukitia ya chuma kitupu unaanza kuhesabu siku tokea ile ya kwanza majini. Wazee wa mwambao waliwahi kulikwepa tatizo hili kabisa: mtepe haukuwa na msumari hata mmoja, mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi. Mwaka 2003 mafundi walijenga mtepe mmoja mpya ukawekwa Beit el Ajaib, Unguja, na wengi wetu tuliuona kabla sehemu ya jengo lile haijaporomoka Desemba 2020.

Kila aina ya chombo na adui wake. Boti ya alumini haiozi wala haitaki pamba, lakini ukiipaka ile rangi ya chini yenye shaba, maji ya chumvi yanaanza kuila alumini yenyewe. Faiba, ambayo serikali imekuwa ikiigawa kwa wavuvi kwa mikopo katika huu uchumi wa buluu, ni nyepesi na haipenyezi maji, ila ikipasuka inataka gundi yake maalumu na mtu anayeijua. Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi la plastiki chakavu, Flipflopi, lenye urefu wa mita 9 na kuvikwa ndara 30,000 zilizookotwa. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, na lilipofika watu walilishika ubavuni kuhakikisha. Ya mbao inabaki kuwa na sifa moja kubwa: inatengenezwa na mtu wa mtaani kwako, kwa mti wa mtaani kwako.

Kalafati ndiyo kazi niliyoingia mimi. Pamba inasokotwa kama kamba nyembamba, inapakwa mafuta, kisha inashindiliwa kwa patasi butu ndani ya mwanya kati ya ubao na ubao. Kusokota si kazi ya nguvu, ni ya subira na vidole. Nikakaa mkekani jioni baada ya magharibi, taa ya uani imewaka, yeye anashindilia, mimi nasokota. Kwanza tulizungumza pamba. Halafu watoto. Kufika siku ya tano au ya sita tukajikuta tunazungumza habari ya ule uhamisho wake wa kwenda Unguja alioukataa miaka mitatu nyuma bila kuniambia sababu. Alinambia sababu. Sitaiandika hapa, ni yake. Nasema tu kwamba mikono ikiwa na kazi na macho yako kwenye pamba, wanaume husema mambo ambayo chumbani, ana kwa ana, hawayasemi. Wataalamu wa ushauri wa ndoa wanatutoza pesa kwa ajili ya jambo hili.

Kuna kosa la kitaalamu ambalo fundi alitukanya mapema. Chombo kilichokaa nchi kavu muda mrefu mbao zake hukauka na kunywea, mianya ikawa mipana. Ukishindilia pamba mpaka ijae pomoni, siku chombo kinapoingia majini mbao zinakunywa maji, zinavimba, hazina pa kwenda, zinasukumana mpaka misumari inang'oka na taruma linavunjika. Kwa hiyo tuliifunika makuti mabichi, watoto wakapewa kazi ya kuimwagia maji asubuhi na jioni, na pamba ikashindiliwa kwa kiasi. Watoto waliipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kuwatuma.

Kisha ikaja sifa. Msomaji wa bara, sifa hapa si pongezi. Ni mafuta ya ini la papa, yanayopakwa kwenye mbao ili maji na jua zisiziue. Harufu yake haielezeki. Inakaa kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye wali, kwenye nywele. Madungu nyumba zimekaribiana, na siku ya pili jirani yetu wa nyuma alipiga hodi, akakaa, akanywa maji, akauliza kwa adabu zote kama tuna mgonjwa. Nilimpelekea sahani ya biriani Ijumaa. Kama unaishi mjini, waambie majirani mapema, paka upepo ukiwa unaelekea pasipo na madirisha, na nguo zako anika kwa mama yako.

Jambo moja tulilikataa kabisa kufanyia nyumbani: moto. Chombo huchomwa kwa chini kwa mwenge wa makuti makavu, haraka haraka, kuua wadudu na kukausha kabla ya kupaka shahamu na chokaa au rangi ya chini. Hiyo ni kazi ya pwani, kwenye mchanga, maji yako karibu. Uani, kati ya mapaa ya watu, hapana.

HOFU YA MWANAMKE WA PEMBA

Nilimwambia mume wangu jambo moja kabla mashua haijaondoka. Sisi wanawake wa kisiwa hiki hatuna mzaha na bahari. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba, na mamia ya watu hawakufika. Mwaka uliofuata, Julai 2012, ikawa MV Skagit. Hakuna mtaa hapa usiojua mtu. Ukimwona mke wa mvuvi amekaa kimya upepo ukianza kuvuma, usimwambie kwamba hana imani.

Basi tukakubaliana kwa maneno machache. Majaketi okozi kwa kila kichwa, yanunuliwe kabla ya injini. Simu ndani ya mfuko usioingia maji. Anayesema bahari leo hapana, hata awe mdogo kuliko wote ndani ya chombo, anasikilizwa. Mume wangu, mtu wa ofisi, haendi bila mdogo wake. Hili la mwisho lilimuuma kidogo, nikaliacha limuume.

Makaratasi nayo yana wakati wake. Usajili wa chombo Zanzibar uko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini, iliyoundwa kwa sheria ya 2009, na leseni ya kuvua inatoka kwa watu wa uvuvi. Ukitaka kuvua upande wa Misali, uliza kwanza mipaka, maana kisiwa kile kimo ndani ya hifadhi na kuna sehemu hairuhusiwi hata mshipi.

SIKU YA KUSHUA

Lori lilikuja tena, majirani wakatoka tena, na safari hii walikuja kusukuma. Wesha tulingoja maji yajae. Dua ikasomwa, wali ukaliwa, mashua ikashuliwa kwa kelele za vijana.

Ikavuja. Shemeji yangu akanitazama usoni kuona kama nitalia. Lakini fundi alikuwa ametuambia: mbao zinataka kunywa kwanza. Ikafungwa majini, vijana wawili wakalala pwani kufua maji kwa zamu, usiku wa kwanza bila kupumzika, wa pili mara moja moja. Siku ya tatu asubuhi ndani palikuwa na maji ya kujaza kikombe, na fundi akachukua pesa yake ya mwisho.

Tuligawana mapato kama wanavyogawana wengi hapa, kwa makubaliano yaliyoandikwa kabla ya safari ya kwanza. Kwanza yanatoka matumizi: mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki kinagawiwa kati ya chombo na watu. Fungu la chombo ndilo linalorudi kwetu wenye hisa, kila mmoja kwa robo au thumuni yake, na kabla ya kugawana linakatwa kiasi kikae kwenye kopo la unga, kwa sababu mwakani pamba itataka kubadilishwa na rangi ya chini kupakwa upya. Shemeji anapata mara mbili: kama nahodha, na kama mwenye robo.

Mavyaa alipelekewa fungu lake la kwanza jioni ileile, changu wawili na ngisi. Aliwageuza, akawaangalia macho kama wako sokoni, akauliza mbona wadogo.